Bei ya Kidole cha Shahada

Vidole vya mkono ni vitano, na kila kimoja Mswahili amekipa jina kwa tabia au kwa kazi yake. Kuna gumba, kilichojitenga na wenzake. Kuna cha kati na cha pete. Kuna cha mwisho, kidogo kuliko vyote. Na kuna cha shahada, kinachonyooshwa katika tahiyatu mtu anaposhuhudia kwamba Mola ni mmoja. Sheria ya Kenya ya fidia kwa walioumia kazini nayo ina mpangilio wake wa vidole hivyohivyo, ila yenyewe hutumia tarakimu. Kidole cha shahada kikikatika chote ni asilimia 10. Cha mwisho kikikatika chote ni asilimia 4. Mikono yote miwili ni 100, na macho yote mawili ni 100, kwa maana kwamba mbele ya sheria mwenye kupoteza viungo hivyo amekwisha kabisa kikazi.

Kambi Muru, mojawapo ya vijiji vya Kibera, hesabu hii haikujulikana kwa kusoma vitabu. Alfajiri watu hutoka vichochoroni wakafuata njia ya reli kwa miguu kwenda Industrial Area. Wengine hupanda Ngong Road kwenye karakana za useremala, wengine huenda mjengo Kilimani, na wenzao wa Kawangware hushuka Lavington. Jioni karibu wote hurudi kama walivyotoka. Mara mojamoja mmoja hurudi mkono umefungwa bendeji, na tangu siku hiyo nyumba nzima huanza kutumia neno ambalo haikuwa nalo haja: pasenti. Jirani akija kumjulia hali mgonjwa, baada ya pole huuliza, "Daktari amekupa pasenti ngapi?"

Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita papo hapo Kibera.

Pensheni ya msitu

Jina la Kambi Muru lilitoka jeshini. Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha huko Equatoria, ambao Frederick Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza. King's African Rifles, jeshi ambalo watu wetu waliliita Keya, lilipoundwa mwaka 1902, askari hao walikuwa miongoni mwa watu wake wa mwanzo. Tangu mwaka 1904 hivi walianza kukaa katika msitu ulio kusini-magharibi ya mji mchanga wa Nairobi, wakapaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Makundi yalipiga kambi zao, na baadhi ya kambi zikabaki na majina ya makabila ya huko yalikotoka. Wamuru wa Sudan Kusini waliliacha lao hapa.

Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi ekari 4,197 za Kibra kuwa eneo la jeshi. Askari aliyetumikia miaka 12 aliweza kupewa kibali cha kujenga na kulima. Hakuna aliyempima goti linakunja kiasi gani, wala bega linainuka mpaka wapi. Aliyechanwa na risasi na aliyerudi mzima walipokea kitu kimoja, ruhusa ya kukaa. Ardhi ndiyo ilikuwa pensheni yao, na ndiyo ilikuwa fidia yao.

Lakini kibali si umiliki. Mwaka 1928 jeshi liliikabidhi Kibra kwa serikali ya kiraia, na Tume ya Ardhi ya Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikawahesabu wakazi wake kuwa wapangaji wanaokaa kwa hiari ya serikali, ingawa ilikiri kwamba serikali ina wajibu kwao. Mlipaji alitoa kwa mkono mmoja, na wa pili hakuuondoa.

Na bado Wanubi walikuwa na nafuu kuliko wengine. Reli inayoikata Kibera ni ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901. Kuijenga, Waingereza walileta vibarua 31,983 kutoka Bara Hindi. Kati yao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa makwao kwa ugonjwa au kuumia. Reli iliwahesabu watu wake kwa uangalifu kama ilivyohesabu mataruma yake, lakini aliyerudi na mguu mmoja hakuwa na jedwali la kumwambia mguu ule wa pili ulikuwa na thamani gani. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki, wapagazi wa jeshi walikufa zaidi ya 40,000 kwa waliopata kuandikwa. Mishahara ya marehemu ambao warithi wao hawakupatikana ilibaki katika hazina. Ukumbusho wao mkubwa mjini ni majina ya mitaa yaliyotokana na jina la kikosi chao: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Ngamia kumi

Si kwamba watu hawa hawakujua kuupigia mwili hesabu. Wanubi ni Waislamu, na fikihi ina jedwali lililomtangulia Mwingereza kwa zaidi ya miaka 1,200. Dia ya mtu aliyeuawa ni ngamia 100. Jicho moja ni nusu yake, na mkono mmoja ni nusu. Jino ni ngamia watano. Kila kidole ni ngamia kumi.

Kumi kwa mia ni asilimia 10, tarakimu ileile ambayo sheria ya Kenya imekipa kidole cha shahada. Tofauti iko kwenye vile vingine. Katika Hadithi iliyopokewa kwa Ibn Abbas, Mtume alikiweka kidole cha mwisho sawa na gumba. Seremala yeyote atakwambia kwamba gumba ndilo linaloshika randa, na kile cha mwisho hufuata tu. Fikihi haikumuuliza seremala. Ilitazama mkono wa mtu, ikaona vidole kumi kwa mikono miwili, ikagawa sawa. Jedwali la kiwanda lilitazama mkono wa mfanyakazi, likauliza kila kidole kinafanya kazi gani, kisha likavipanga kwa vyeo.

Lakini tusiipambe dia kupita kiasi. Wanazuoni wengi walihesabu dia ya mwanamke kuwa nusu ya ile ya mwanamume, na mtumwa alihesabiwa kwa bei yake ya sokoni. Tena, kwa jeraha lisilotajwa popote, kadhi alikuwa na njia ya kuliwekea thamani: amdhanie majeruhi kuwa ni mtumwa, akadirie angeuzwa kwa kiasi gani akiwa mzima na kwa kiasi gani akiwa na jeraha lile, kisha sehemu ya bei iliyopungua igeuzwe kuwa sehemu ileile ya dia, na hiyo ndiyo fidia. Ikumbukwe njia hiyo, maana itarudi kwa mlango mwingine.

Hata maharamia wa bahari ya Karibi walikuwa na orodha yao. Exquemelin, tabibu aliyesafiri nao, alichapisha kitabu mwaka 1678 akieleza kwamba aliyepoteza mkono wa kulia alilipwa vipande 600 vya fedha, na wa kushoto 500. Jicho lilikuwa 100, na kidole 100. Kabla ya kugawana ngawira, vilema walilipwa kwanza. Walijua kwamba chombo ambacho majeruhi hulipwa mwisho hakipati mabaharia safari ijayo.

Mapatano ya viwandani

Viwanda vya Ulaya vilikawia kuelewa hilo. Kwa muda mrefu, aliyekatwa na mashine ilibidi ashtaki mahakamani na athibitishe kwamba tajiri ndiye mwenye makosa, na tajiri alijibu kwamba mfanyakazi alijitakia mwenyewe au aliponzwa na mwenzake. Ujerumani ya Bismarck ilileta bima ya ajali za kazini mwaka 1884. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1897. Ndani ya sheria hizo kulikuwa na mapatano: mfanyakazi asiulizwe nani kakosea, alipwe, na yeye akubali kulipwa kiasi kilichopimwa badala ya kile ambacho jaji angeweza kuguswa akakitoa.

Mapatano hayo ndiyo yaliyozaa haja ya asilimia. Kampuni ya bima haiwezi kupanga ada yake kwa huruma ya jaji. Inataka kujua mapema kidole ni kiasi gani na mguu ni kiasi gani. Jedwali likawa kama bei iliyobandikwa dukani, ili mnunuzi na muuzaji wasibishane.

Kenya ilipata sheria ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kigezo cha Uingereza. Hakuna aliyeamka siku moja akakumbwa na wema. Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama kwa mgomo mkuu, na kutoka humo jina la Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, likavuma. Sheria ikiwa tayari, Mei 1950 ilikuwa zamu ya Nairobi, baada ya viongozi wa wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa. Serikali ilikuwa imekwisha kuona kwamba mji wa viwanda hauendeshwi kwa vibarua wa kuja na kurudishwa shamba wakichakaa. Kwa hiyo mfanyakazi Mwafrika akaingia kwenye jedwali, na mwili wake ukapata asilimia kama wa mwingine yeyote. Huo ulikuwa ushindi wa kweli. Baba yake aliyebeba mizigo ya jeshi hakuhesabiwa hivyo.

Sheria hiyo ilitumika kwa karibu miaka 60, na kutoka kwayo watu wa Kibera walijifunza jina la karatasi moja, LD 104. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri: ajali ilitokea lini, wapi, mshahara ni kiasi gani. Sehemu ya pili ni ya daktari. Miaka imepita, fomu zimebadilishwa, lakini mpaka leo utasikia fundi mzee akimuuliza kijana, "LD umejaziwa?" Bila karatasi hiyo ajali ilibaki kuwa hadithi ya nyumbani.

Mbele ya daktari

Upimaji wenyewe hauchukui muda. Mkono huwekwa juu ya meza. Daktari huondoa bendeji, hutazama kovu, hupapasa mahali mfupa ulipoishia. Husema, "Kunja. Kunjua." Huweka kipimio cha pembe kwenye kiungo akasoma nyuzi. Humpa mgonjwa vidole vyake viwili: "Minya kwa nguvu." Huweka karatasi kati ya gumba na kidole kinachofuata, akaivuta kuona kama itashikika. Huenda akaweka sarafu mezani: "Iokote." Kisha huandika. Kwa aliyepoteza pingili moja tu, jedwali lina tarakimu ndogo zaidi. Kwa kidole kilichobaki lakini hakikunji, jedwali liko kimya, na asilimia hukadiriwa kwa namna isiyopingana na yale yaliyotajwa.

Hapo ndipo madaktari wawili wanapoutazama mkono mmoja wakatoka na tarakimu mbili. Aliyetumwa na upande wa mgonjwa huona ulemavu mkubwa kuliko aliyetumwa na bima, na si lazima yeyote kati yao awe anadanganya. Wanapima vitu viwili ambavyo lugha imeviita jina moja. Kuna upungufu wa mwili: kidole kimekwenda, kiungo hakikunji. Na kuna ulemavu wa kazi: mtu huyu, kwa kazi yake hii, ameshindwa nini? Chama cha madaktari cha Marekani kilichapisha mwongozo wake wa upimaji kama kitabu mwaka 1971, na tangu matoleo yake ya mwanzo umewakumbusha madaktari kwamba wao wanapima la kwanza, na la pili linahitaji mambo yasiyoonekana mezani pao. Kidole cha shahada cha karani kikikatika, karani hujifunza kuandika upya. Cha fundi cherehani kikikatika, nguo ndiyo inayokosa mwongozo chini ya sindano.

Sheria mpya ya Kenya, ya mwaka 2007, ambayo kila mtu huiita WIBA, ililiona jambo hilo. Kifungu chake cha 30 kinampa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini nafasi ya kurekebisha asilimia pale ambapo jeraha limemletea mtu madhara makubwa kuliko kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yake. Mlango upo. Lakini mlango huo humfaa anayejua kwamba upo, na aliyetoka kazini na kitambaa cha damu mara nyingi hana wa kumwambia.

Asilimia ikishapatikana, inayobaki ni hesabu ya shule ya msingi. WIBA inachukua mapato ya miezi 96, ambayo ni miaka minane, kisha inazidisha kwa asilimia, ndani ya mipaka ya chini na ya juu ambayo waziri anaweza kuiweka. Tuchukue kibarua wa shilingi 15,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni 1,440,000. Kidole cha shahada, asilimia 10, ni 144,000. Sasa tumchukue meneja wa kiwanda kilekile, mwenye 150,000 kwa mwezi, naye kakatwa kidole hichohicho kwa mashine hiyohiyo. Yeye ni 1,440,000.

Tazama tena tarakimu hiyo ya mwisho. Kidole kimoja cha meneja kimelingana na kibarua mzima, yule aliyepooza mwili wote asiinuke tena kitandani.

Watetezi wa hesabu hii watasema kwamba fidia si bei ya mtu. Ni kipato kilichopotea, na aliyekuwa akipata zaidi amepoteza zaidi. Hoja hiyo ina nguvu yake, na sheria nyingi duniani zimejengwa juu yake. Lakini hebu rudi kwa yule kadhi aliyeambiwa amdhanie majeruhi kuwa mtumwa ili apate tofauti ya bei. Yeye angalau alijua kwamba anadhania. Na alifanya hivyo pale tu ambapo jedwali lilikuwa kimya. Kwa kidole hakuhitaji kudhania, maana kidole kilikuwa ngamia kumi, kiwe cha mchuuzi au cha sultani. Sisi tumeigeuza kanuni: asilimia tumeisawazisha kwa wote, kisha tukaizidisha kwa bei ya kila mtu katika soko la kazi.

Miaka kumi na moja mahakamani

WIBA ilianza kutumika mwaka 2008, na mwaka huohuo Chama cha Wanasheria cha Kenya kikaipeleka mahakamani. Sheria ilikuwa imeyatoa madai ya ajali za kazini mbele ya hakimu na kuyapeleka kwa Mkurugenzi, ambaye uamuzi wake hupingwa kwanza kwake mwenyewe ndani ya siku 60 kabla ya rufaa kwenda mahakama ya kazi. Machi 2009 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu kadhaa ikiviona vinapingana na Katiba. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani iliurejesha uhai wa sehemu kubwa ya vifungu hivyo. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono, na kesi ikaishia hapo.

Ikaishia kwa wanasheria. Kwa wenye majeraha, maelfu ya mafaili yaliyofunguliwa mbele ya mahakimu katikati ya mvutano huo yalibaki bila kujulikana yako wapi kisheria. Yapo yaliyotupwa nje, na kwa wenyewe ule muda wa miezi 12 wa kuwasilisha dai ulikuwa umekwisha zamani. Aprili 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alitoa mwongozo ili kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi wa 2019 zimalizikie pale zilipoanzia. Kidole kilichokatika mwaka 2010 kilikuwa kimengoja miaka 13 kuambiwa mlango wake ni upi.

Katika miaka hiyohiyo Tanzania ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri huchangia, na mfuko ndio unaolipa. Majeruhi wa Dar es Salaam hadai kwa tajiri wake, wala hashindani na kampuni ya bima ambayo faida yake ni kile isicholipa. Nchini Kenya mwajiri ndiye anayetakiwa kukata bima, na pale ambapo hakukata, majeruhi hubaki kumtazama yeye mwenyewe.

Na kwa kibarua wa Kambi Muru kuna jambo linalotangulia hata asilimia. Sheria inasema mwajiri aripoti ajali ndani ya siku saba, na kifo ndani ya saa 24. Lakini mwajiri ni nani? Getini asubuhi msimamizi huchagua watu kwa kuwanyooshea kidole, wewe, wewe na wewe. Hakuna barua. Malipo huingia jioni kwa simu, mara nyingi kutoka kwa namba ya msimamizi, si ya kampuni. Aliyeumia akifika Safety House, ofisi ya idara kule Industrial Area, swali la kwanza halihusu mkono. Ni, "Ulikuwa unafanyia nani kazi?" Ujumbe wa M-Pesa aliokuwa karibu kuufuta huwa ndio ushahidi wake wote. Kidole cha shahada kimekatika, na sasa anatafuta shahada nyingine.

Wazee wa Kinubi wanalifahamu vizuri jambo hilo la kuishi bila karatasi. Baada ya karibu karne moja ya kudai, mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ardhi ya jumuiya. Siku hiyo ilikuwa ya furaha, na ilistahili. Hati ilikuwa ya ekari 288. Eneo lililotangazwa mwaka 1918 kwa ajili ya babu zao lilikuwa ekari 4,197.

Chukua kalamu ufanye kama afanyavyo daktari. Ekari 288 kwa 4,197 ni asilimia 7 kasoro kidogo. Kwenye jedwali, hiyo ni zaidi ya kidole cha mwisho, na haijafika cha shahada.